MSc ya mwaka mmoja, MBA ya jioni au miaka miwili Ujerumani: ipi fupi na ipi ina kazi?

SWALI: Nina miaka 27, niko Dar es Salaam. Nina shahada ya kwanza ya biashara upande wa uhasibu, GPA 3.6, na huu ni mwaka wa tatu nikiwa afisa mikopo katika benki. Mitihani ya CPA, ile ya uhasibu wa taaluma, nilifika ngazi ya kati nikaiacha. Mkononi napokea kama 1,300,000 kwa mwezi. Nataka shahada ya uzamili ya biashara lakini nimechanganyikiwa: MBA ya jioni hapa Dar, MSc ya fedha ya mwaka mmoja Uingereza, au ya miaka miwili Ujerumani. Rafiki yangu ananiambia nisubiri MBA ya Marekani. Ipi ni fupi, na ipi ina ajira mwishoni?

JIBU: Tuanze na hilo neno "fupi", maana ndilo linalowapoteza wengi. Miezi iliyoandikwa kwenye tovuti ya chuo ni miezi ya chuo. Ya kwako inaanza pale mshahara wa mwisho unapoingia, na inaisha pale mshahara mwingine unapoingia. Ukipima hivyo, orodha yako inapinduka.

Chukua hiyo MSc ya Uingereza. Utaandika barua ya kuacha kazi Julai ili notisi iishe Agosti. Masomo yanaanza katikati au mwishoni mwa Septemba. Tasnifu inakabidhiwa mwanzoni mwa Septemba ya mwaka unaofuata, na matokeo rasmi yanatoka Oktoba au Novemba. Hata ukiwa mwenye bahati ukaanza kazi Januari, umekosa mishahara 16 kwa kozi inayoitwa ya miezi 12. Kwa kipato chako hiyo ni 20,800,000, na bado hatujagusa ada. MBA ya jioni haikati mshahara hata siku moja, kwa hiyo kwa kipimo hiki ni sifuri. Ina mtego wake mwingine, tutaufikia.

Hofu ya pili inayojificha nyuma ya swali lako ni kwamba shahada ya mwaka mmoja ni "nusu shahada". Si kweli, na hesabu iko wazi. Uingereza shahada ya uzamili ya kozi, yaani ya masomo ya darasani, ina krediti 180, kila krediti ikiwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, yaani saa 1,800. Mfumo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, nao unataka krediti 180 kwa uzamili, kwa saa 10 zilezile. Mzigo ni mmoja, tofauti ni mwendo. Uingereza unaubeba kwa wiki 50, kama saa 36 kwa wiki, hiyo ndiyo kazi yako ya kila siku. Dar unaugawa kwa miezi 18 na kuendelea, kama saa 23 kwa wiki, ukizibeba juu ya kazi ya benki na foleni ya Morogoro Road. Ujerumani ndiko kwenye shahada ndefu kweli: krediti 120 za Ulaya, na kule wanahesabu hadi saa 30 kwa krediti moja, yaani saa 3,600. Ya Uingereza ikibadilishwa kuwa krediti za Ulaya inatoka 90. Hilo lina maana kwako ukiwa na mawazo ya kufanya uzamivu Ulaya bara, ambako baadhi ya vyuo hujumlisha krediti za shahada zako zote na kutaka zifike 300. Kwa ajira za benki halina uzito.

Sasa ajira. Hapa lazima kwanza utenganishe vitu vitatu ambavyo watu huviita kwa jina moja.

Kuna shahada za wasio na uzoefu: MSc ya fedha, ya uhasibu, ya uchambuzi wa takwimu za biashara, na ile ya Ulaya inayoitwa Masters in Management. Hizi zinamfundisha mtu fani. Hiyo ya mwisho ifute kwenye orodha yako sasa hivi, kwa sababu vyuo vingi vinaitoa kwa wenye uzoefu wa chini ya miaka miwili hivi, na inarudia mambo uliyokwisha kuyasoma shahada ya kwanza. Kuna MBA, ambayo kwa vyuo vikubwa vya nje ni ya watu waliokwisha kufanya kazi, wastani wa darasa ukiwa karibu miaka mitano. Halafu kuna MBA ya watendaji, ya mameneja na wakurugenzi, kama ile inayotolewa na taasisi ya usimamizi ya ESAMI pale Arusha. Hiyo hujaifikia bado.

Hapa nyumbani herufi MBA zinabeba watu wa kila aina. Aliyemaliza chuo mwaka jana anakaa dawati moja na mkuu wa kitengo wa miaka 45. Waajiri wa hapa wanalijua hilo, ndiyo maana MBA peke yake haimfungulii mtu mlango. Hutumika kumpandisha aliye ndani tayari.

Marekani, kwa ufupi

Rafiki yako hajakosea kuhusu muundo. MBA ya kawaida ya Marekani ni miaka miwili, na thamani yake kubwa iko katikati: kiangazi cha wiki 10 hadi 12 ambacho mwanafunzi anafanya kazi katika kampuni anayoitaka, na wengi huajiriwa hapohapo. Ndiyo njia ya mtu anayebadili fani kabisa, mfano kutoka mikopo kwenda ushauri wa kampuni. INSEAD ya Ufaransa inaimaliza MBA kwa miezi 10, Oxford na Cambridge kwa mwaka mmoja, HEC Paris kwa miezi 16. Kadiri inavyofupishwa ndivyo kile kiangazi kinavyoliwa. INSEAD wenyewe, anayeingia Januari ndiye hupata pengo la kufanya kazi katikati, na anayeingia Agosti hana. Fupi inamfaa anayerudi kwenye fani ileile akiwa na cheo kikubwa zaidi.

Lakini kwako wewe kwa sasa mjadala huo ni wa kinadharia. Ada ya miaka miwili ya vyuo vinavyotajwa sana inapita dola 150,000. Kwa agizo la rais wa Marekani la Desemba 2025, Tanzania iliingizwa kwenye nchi zenye vizuizi, na tangu 1 Januari 2026 viza za wanafunzi ni miongoni mwa zilizosimamishwa. Ukimaliza masomo unapewa miezi 12 ya kufanya kazi, na 24 ya nyongeza kama kozi yako imeandikishwa kuwa ya sayansi na teknolojia. Baada ya hapo ni bahati nasibu ya viza ya kazi ya H-1B yenye nafasi 85,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Usisimamishe maisha kwa kuisubiri.

Uingereza: kalenda ndiyo mtihani

Mwanafunzi wa MSc ya mwaka mmoja anayefeli kupata kazi kwa kawaida hajafeli darasani. Amechelewa. Programu za kuajiri wahitimu katika mabenki na kampuni za ukaguzi hufunguliwa Agosti na Septemba, kwa kazi zinazoanza Septemba ya mwaka unaofuata. Wengine hawasubiri tarehe ya mwisho, nafasi zikijaa wanafunga. Unatuma maombi, unapewa majaribio ya hesabu na mantiki kwenye kompyuta, kisha usaili wa kurekodiwa kwa video, kisha siku nzima ya majaribio ya ana kwa ana kati ya Novemba na Februari. Matokeo yako ya kwanza ya mitihani yanatoka karibu na Februari. Kwa maneno mengine, utachaguliwa au kuachwa kabla chuo hakijakupa hata alama moja. Kinachouzwa pale ni ile miaka yako mitatu ya mikopo.

Basi wasifu wako uandikwe kabla hujapanda ndege. Ondoa picha, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa na ile orodha ya wadhamini watatu. Ubaki ukurasa mmoja, usizidi miwili. Usiandike "nilihusika na utoaji mikopo kwa wateja". Andika kwa namna hii, ukiweka tarakimu zako za kweli: "Nilisimamia mikopo 140 ya wafanyabiashara wadogo yenye thamani ya shilingi bilioni 1.9. Mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30 ilishuka kutoka asilimia 7.2 hadi 4.1 ndani ya mwaka." Tarakimu hizo zikusanye ukiwa bado kazini, kwa kiwango kisichovunja siri za wateja. Ukishaondoka hutaziona tena.

Kuna jambo la viza ambalo watu huligundua limeshawabana. Viza ya mwanafunzi inaruhusu saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula. Wengi hupanga kwamba kiangazi watafanya kazi muda wote. Kwa mwanafunzi wa uzamili, kiangazi ni kipindi cha tasnifu, na kisheria tasnifu ni muhula. Kwa hiyo saa 20 zinaendelea hadi siku kozi yako inapomalizika rasmi. Mwajiri makini akiona umezizidisha, hiyo si kazi tu uliyoipoteza, ni viza.

Baada ya kumaliza kuna viza ya wahitimu, isiyohitaji mwajiri wa kukudhamini. Hadi maombi ya 31 Desemba 2026 ni miaka miwili kwa wenye uzamili. Kwa maombi ya kuanzia 1 Januari 2027 ni miezi 18. Anayeanza masomo Septemba 2026 anamaliza Septemba 2027, kwa hiyo yeye ni wa miezi 18, hata kama wakala aliyemwuzia kozi bado anaimba miaka miwili. Unaiomba ukiwa ndani ya Uingereza, chuo kikishatoa taarifa kwamba umemaliza, na kabla viza ya mwanafunzi haijaisha.

Miezi 18 ikiisha unahitaji viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, na mwajiri mwenye leseni ya kukudhamini. Tangu Julai 2025 mshahara wa chini wa viza hiyo ni pauni 41,700 kwa mwaka, au 33,400 kwa anayehesabiwa kuwa ndiyo anaanza, na aliyetoka viza ya mwanafunzi au ya wahitimu kwa kawaida huingia humo. Kazi yenyewe lazima iwe ya ngazi ya shahada. Sasa linganisha: msaidizi wa uhasibu au karani wa tawi la benki nje ya London mara nyingi hafiki hapo. Mchambuzi wa hatari za mikopo anaweza kufika. Serikali ya Uingereza inachapisha orodha ya waajiri wote wenye leseni. Ishushe, tafuta majina 30 ya sekta yako, na utume maombi huko tu. Kumwomba asiye na leseni ni kupoteza jioni zako.

Kama una mwenza au mtoto, jua kwamba tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kozi haruhusiwi kwenda na familia, isipokuwa anayedhaminiwa na serikali.

Pesa sasa. Ada za MSc ya fedha ziko kati ya pauni 18,000 na 45,000 kutegemea chuo. Ukichukua 25,000, kwa shilingi ni zaidi ya milioni 80, yaani mshahara wako wote wa miaka mitano bila kula. Juu yake ada ya huduma za afya, pauni 776 kwa mwaka, na kwa kozi ya mwaka mmoja utatozwa ya mwaka na nusu, 1,164, kwa sababu viza inaongezewa miezi minne baada ya kozi. Kisha uthibitisho wa pesa, na hapa ndipo viza nyingi zinapofia. Sharti ni ada iliyobaki pamoja na matumizi ya hadi miezi tisa, vikae benki siku 28 mfululizo. Mfululizo maana yake hata siku moja salio lisishuke chini ya kiwango. Na siku ya mwisho kwenye taarifa ya benki isizidi siku 31 kabla ya kuomba. Kinachotokea mara nyingi ni ndugu kuchangishana, pesa ikakaa siku 25, shangazi akapata dharura akachukua milioni mbili akazirudisha kesho yake. Hesabu inaanza upya. Na akaunti iwe yako, ya mzazi au mlezi wa kisheria ukiwa na cheti cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa, au ya mwenza wako. Ya mjomba haikubaliwi hata akiwa na mabilioni.

Ukinisikiliza, Uingereza kwako ni kwa udhamini au usiende. Chevening, udhamini wa serikali ya Uingereza, inakufaa kuliko unavyodhani: inataka uzoefu wa saa 2,800 za kazi, sawa na miaka miwili, nawe unayo. Maombi hufunguliwa Agosti na kufungwa mwanzoni mwa Oktoba, unachagua kozi tatu, na inalipa ada, nauli na posho. Kwa MBA ina ukomo wa ada, ya juu yake unajilipia, ndiyo sababu nyingine ya kuchagua MSc. Sharti lake ni kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Maana yake ile viza ya wahitimu uisahau, na swali la ajira linarudi Dar. Hapo ndipo uamuzi wako ulipo hasa.

Ujerumani

Vyuo vya umma katika majimbo mengi havitozi ada ya masomo, isipokuwa mchango wa muhula. Baden-Württemberg, jimbo la chuo cha Mannheim kinachosifika kwa biashara, linatoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich (TUM) nacho kina ada zake. Gharama yako kubwa ni akaunti maalumu inayofungwa, euro 11,904 kwa mwaka, ambayo unatolewa 992 kila mwezi. Hiyo ni pesa ya kuishi, inarudi mfukoni mwako.

Kikwazo chao hakiko benki, kiko kwenye masomo uliyosoma. Shahada nyingi za uzamili kule ni mwendelezo wa shahada ya kwanza, na chuo kinahesabu: krediti ngapi za uhasibu na fedha, ngapi za uchumi, ngapi za hesabu na takwimu. Mtu wa uhasibu wa Tanzania kwa kawaida anafaulu kwenye uhasibu na kukwama kwenye takwimu, maana alisoma somo moja au mawili tu. Kabla ya kulipa euro 75 za uni-assist, ofisi inayopokea maombi kwa niaba ya vyuo, kwa ombi la kwanza, fungua kanuni za udahili za kozi husika, weka masomo yako kwenye jedwali moja na yao, na uone pengo. Krediti zikipungua mbili tu hakuna barua ya kujieleza itakayoziba.

Ajira: unaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka ukiwa masomoni, na ukimaliza unapewa miezi 18 ya kutafuta kazi. Muda huo ni sawa na wa Uingereza, ila kwa kuwa kozi ni ya miaka miwili una nafasi ya kufanya kazi ya mwanafunzi kwenye kampuni ya fani yako. Ila kozi kufundishwa kwa Kiingereza hakumaanishi ofisi ya fedha inaongea Kiingereza. Anayefika bila Kijerumani na kujifunza "polepole" humaliza akiwa na shahada nzuri na kazi ya ghala. Panga ngazi ya B2 ya Kijerumani, ya kuweza kufanya nayo kazi, ifikiwe kabla ya muhula wa nne, na mihula minne yenyewe ihesabu kama mitano, kwa sababu tasnifu na mazoezi ya kazi hula nusu mwaka. Kwa mtu mwenye kazi na mshahara, hiyo ni karibu miaka mitatu nje ya soko la Dar. Kama lengo ni kuhamia, ni njia ya heshima. Kama lengo ni kupanda cheo hapa, ni mzunguko mrefu.

Dar, na ule mtego

Soma matangazo ya kazi ya miezi mitatu iliyopita kwenye sekta yako: mkaguzi wa ndani, mhasibu mwandamizi, meneja wa fedha. Mstari unaojirudia ni CPA(T) au inayolingana nayo, aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi. Shahada ya uzamili huja baadaye kidogo, kama sifa ya ziada. Kwa hiyo kitu cha haraka kuliko vyote ulivyotaja ni kile ambacho hukukiuliza: maliza CPA. Mitihani ni Mei na Novemba, unasoma ukiwa kazini, na umeshapita nusu ya njia. Uzamili wowote juu ya CPA(T) unauzika. Uzamili mahali pa CPA, kwa mtu wa uhasibu, unaulizwa maswali kila usaili.

Tofauti ni kama unataka kufundisha chuoni. Huko CPA haitoshi: mhadhiri msaidizi anatakiwa GPA ya 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 uzamili. Kwa 3.6 yako mlango huo ni mgumu, afadhali ulijue leo kabla hujalipa ada kwa ndoto hiyo.

Baada ya CPA, MBA au MSc ya fedha ya jioni, iwe Shule Kuu ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kampasi ya Mzumbe ya Dar au Chuo cha Usimamizi wa Fedha, inakuwa na kazi maalumu: kukutoa uafisa kukupeleka umeneja. Na MSc ya fedha inaitumikia vizuri kuliko MBA kama unabaki upande wa mikopo na hatari. MBA ichague kama unaona kabisa unaelekea kusimamia tawi au watu.

Mtego ni tasnifu. Masomo ya darasani huisha kwa wakati kwa sababu yana ratiba na mtihani. Tasnifu haina kengele. Mtu anamaliza darasa, anapumzika "kidogo", kazini kunakuwa na kufunga hesabu za mwaka, msimamizi anasafiri, mwaka unaisha. Ndivyo miezi 18 inavyokuwa miaka mitatu na ada ya kuchelewa juu.

Kwa mtu wa mikopo kosa lenyewe lina sura moja. Anachagua mada ya mikopo chechefu katika benki yake, anaandika pendekezo lote, linapitishwa, kisha anaomba takwimu na idara ya sheria inamkatalia kwa sababu ya siri za wateja. Miezi sita imekwenda na maji. Wengine wanakimbilia madodoso 120 kwa wafanyabiashara wa Kariakoo: yanachapishwa, yanagawiwa, yanarudi 51, na nusu yamejazwa na mtu mmoja kwa kalamu ileile.

Takwimu zisizohitaji ruhusa ya mtu zipo. Kila benki nchini inalazimika kuchapisha taarifa zake za fedha kila robo mwaka, magazetini na kwenye tovuti yake, na humo mna uwiano wa mikopo chechefu, mtaji, amana na faida. Benki 10 kwa robo 20, yaani miaka mitano, unapata mistari 200 ya takwimu, na unaweza kuianza kuijaza kwenye Excel muhula wa kwanza, jioni moja benki moja. Ongeza mfumuko wa bei na kiwango cha riba kutoka Benki Kuu, una tasnifu ya kutosha kabisa kwa MSc. Pendekezo la kurasa mbili mpelekee msimamizi kabla mtihani wa mwisho wa darasani haujafanyika. Baada ya hapo mpelekee kitu kilichoandikwa kila baada ya wiki mbili, hata kurasa tatu. Msimamizi husoma kilichofika mezani, hakutafuti.

Mwisho upange muda wa nyuma ya pazia: mtahini wa nje, marekebisho, kujalidi, kupitishwa na seneti. Ukiikosa tarehe ya mahafali kwa wiki moja unasubiri yanayofuata, na cheti ndicho benki itakachotaka kuona ili ikupandishe.

Kabla ya kulipa ada, fanya mambo mawili. Nenda idara ya rasilimali watu uulize kama benki inachangia masomo, na kama inachangia, mkataba wa kubaki kazini baada ya kuhitimu ni wa miaka mingapi na ukiuvunja unarejesha kiasi gani. Miaka miwili inavumilika, minne itakufunga. Kisha tafuta wahitimu watatu wa programu hiyohiyo unayoitaka, wa jioni, wenye kazi kama wewe. Usiwaulize kama walimu ni wazuri. Waulize walivaa joho mwaka gani, halafu waulize namba zao za usajili, maana nyingi zina mwaka wa kuanza ndani yake. Toa mmoja kwenye mwingine, ndio urefu wa kozi yako.